Shajara ya mradi: nyumba ya mwaloni na paa la mabua, Suffolk

FEBRUARI

Nyumba iko katika kijiji kimoja cha Suffolk, mashariki mwa Uingereza, mwendo mfupi kwa gari kutoka Lavenham. Lavenham ni mji ambao matajiri wa vitambaa vya sufu walijijengea majumba ya mwaloni katika karne ya 15 na mwanzo wa ya 16. Biashara hiyo ilipoanguka, hakuna aliyebaki na pesa za kuyabomoa na kujenga mapya. Watalii wanasifu uhifadhi, mimi naona umaskini wa miaka mingi uliofanya kazi nzuri.

Yetu si jumba. Ni nyumba ya mkulima wa kati: fremu ya mwaloni, kuta za fito na udongo, paa la mabua ya ngano lenye mteremko wa nyuzi 50 hivi. Imeandikishwa Daraja la II, kama ilivyo zaidi ya asilimia 90 ya majengo yaliyo katika orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa. Kwa fundi maana yake ni kwamba hugusi kitu kabla ya kibali cha halmashauri. Kufanya kazi bila kibali ni jinai chini ya sheria ya 1990, na kosa lenyewe halizeeki: ukinunua nyumba ambayo mwenyewe wa zamani alibomoa ukuta kimyakimya, halmashauri inaweza kukudai wewe uurudishe.

Kazi yangu hapa ni mbao na kuta. Paa lina mwezekaji wake, ambaye baba yake na babu yake waliezeka katika wilaya hii hii. Juu yetu sote yuko ofisa wa uhifadhi wa halmashauri, mwanamke mpole sana mpaka umwoneshe gunia la saruji.

Nimepanda darini na tochi. Kombamoyo, ile miti ya mteremko inayobeba paa, za sehemu ya katikati ni nyeusi tii, masizi yameingia ndani ya mti. Za sehemu mbili za pembeni zina rangi ya mti tu. Hapo unaisoma nyumba bila kufungua kitabu. Katikati palikuwa ukumbi ulio wazi kutoka sakafuni hadi paani, moto ukiwaka chini katikati ya chumba, na moshi ukijitafutia njia kupitia madirisha yasiyo na vioo na mabua yenyewe. Bomba la moshi la matofali na sakafu ya ghorofani vimeingizwa baadaye, na aliyeviingiza alikata mhimili mmoja bila kuuliza mtu.

Wapimaji wa miduara ya miti walikuja kutoboa sampuli, vijiti vyembamba vinavyotolewa kwa keekee maalumu kutoka ganda hadi moyo wa boriti. Wanahitaji miduara isiyopungua 50, na wanafurahi ikizidi 80, ndipo wailinganishe na kumbukumbu za miaka mizuri na mibaya ya mvua. Mialoni ya huku ilikua haraka kwenye udongo wenye rutuba. Boriti nene kuliko paja langu ina miduara thelathini na kitu. Majibu: hakuna tarehe. Tunabaki na ushahidi wa useremala, yaani namna boriti za juu ya ukuta zilivyoungwa, na nguzo fupi iliyosimama juu ya mhimili kubeba paa. Vyote vinaelekeza mwisho wa karne ya 15 au miaka michache baada yake.

Alama za maseremala zipo karibu kila kiungo: namba za Kirumi zilizochongwa kwa patasi, nne ikiandikwa IIII. Fremu ililazwa chini kwanza, ikaunganishwa, ikapigwa namba, ikafunguliwa, kisha ikasimamishwa hapa. Mkono mmoja wa ukuta wa kaskazini, yaani mti wa mshazari unaokaza fremu, una namba isiyolingana na tundu ulimoingia. Mtu aliona, akaupiga nyundo hivyo hivyo, akaenda kula.

MACHI

Kibali kimetoka. Tumeanza kubandua.

Kuta za nje zimevikwa lipu ya saruji juu ya wavu wa chuma, kazi ya miaka ya 1960. Kwa macho ilikuwa safi: nyeupe, imenyooka, haina ufa mkubwa. Nyuma yake ndiko kwenye habari.

Mwaloni hauachi kucheza. Unavimba wakati wa baridi yenye unyevu, unasinyaa kiangazi, hata baada ya miaka mia tano. Udongo na chokaa vinacheza nao kidogo kidogo, na vikipata maji vinayaachia yatoke kwa hewa. Saruji haichezi. Inasimama imara, na pale mti unaposogea panafunguka mwanya mwembamba kati ya nguzo na lipu, usioonekana ukiwa umesimama barabarani. Maji ya mvua yanavutwa humo. Yakishaingia hayana pa kutokea, kwa sababu saruji imeziba uso wote. Yanashuka hadi kwenye boriti ya chini, ile inayolala juu ya msingi na kubeba nguzo zote, na kukaa hapo. Mti ukizidi unyevu wa asilimia 20 kwa muda, ukungu wa kuozesha unaingia.

Nilipoondoa kipande cha kwanza ukuta wa kusini-magharibi, boriti ya chini ikamegeka mkononi kama mkate wa mofa uliolowa. Upande wa pili wa mlango, ambako mtu mvivu wa miaka ya 1960 aliishiwa na saruji akaacha chokaa ya zamani chini ya kibanda cha kuni, boriti hiyo hiyo ni ngumu kiasi kwamba patasi inalia. Mti mmoja, umri mmoja, mvua moja. Kila anayeniambia "nyumba za kale huoza tu" nitampeleka akasimame mlangoni pale, atazame kushoto halafu kulia. Nyumba hii haikuoza kwa uzee. Imeozeshwa na matengenezo.

Nilimtumia Ami picha. Ami ni mwashi wa chokaa Lamu, amezikarabati nyumba za mawe tangu kabla sijazaliwa, na nusu ya maisha yake ni kubandua saruji iliyopigwa juu ya kuta za matumbawe. Akajibu kwa sauti: "Mwanangu, saruji imekufuata mpaka huko kwa Wazungu?" Nikamwambia, "Shikamoo Ami. Haikunifuata, nimeikuta imeshafika." Akacheka, halafu akauliza swali la fundi: chumvi iko? Hapa haipo, bahari iko mbali. Huko kwao chumvi ndiyo inayolipua uso wa ukuta maji yakishindwa kutoka; hapa ni ukungu na wadudu. Ugonjwa mmoja, dalili mbili.

Kubandua kwenyewe ni kazi ya polepole. Mashine ya kutetemesha haiingii hapa. Ni nyundo ndogo na tindo, unaanza katikati ya kila kipande cha ukuta na kuelekea kwenye mti, ili usivunje kingo za udongo zilizobaki. Wavu wa chuma ulipigiliwa kwa misumari mamia kwenye mwaloni, na asidi iliyo ndani ya mwaloni imeila misumari yote, imeacha madoa meusi. Tumepata vipande vitatu vya lipu ya kale yenye nywele za wanyama na michoro ya mistari ya kuchana. Ofisa aliviona akanyamaza kwa muda mrefu. Vinabaki mahali pake, tumevishikilia kwa ubao na sponji hadi lipu mpya ifike pembezoni mwake.

Nguzo ya kona ina mashimo ya yule mdudu mkubwa anayekula mwaloni uliolainishwa na ukungu, ambaye dume na jike huitana kwa kugonga kichwa kwenye mti. Waliokesha na wagonjwa usiku walimsikia ndani ya kuta na kuamini anahesabu saa za mgonjwa. Kampuni moja ilishamwandikia mwenye nyumba bei ya kunyunyizia dawa fremu nzima, pamoja na cheti cha dhamana. Nimemshauri asilipe. Mdudu huyu anahitaji unyevu. Kausha mti, naye atapungua mwenyewe miaka ikipita.

APRILI

Boriti ya chini, upande wa kusini na magharibi.

Kwanza tumeinua. Nguzo za chuma za kurefusha na jeki chini ya boriti za kati, na kuinua ni neno kubwa mno: tumepokea uzito tu, milimita mbili tatu, fremu ikaguna, tukaacha. Nyumba imeinama kusini tangu zamani na itaendelea kuinama. Mwenye nyumba aliuliza kwa nini tusiinyooshe maadamu tumeishika. Kwa sababu kila mlango, kila dirisha na bomba la moshi vimejengwa kufuata uinamaji huo. Ukiinyoosha fremu, utavunja vingine vyote.

Mti mpya ni mwaloni mbichi, uliokatwa msimu huu. Watu wanashangaa, wanadhani mti lazima ukauke kwanza. Waliojenga nyumba hii walikata na kujenga mbichi, kwa sababu mwaloni mkavu unakula patasi na siku. Mbichi unachongeka vizuri, halafu unasinyaa mahali pake na kukaza viungo. Utapasuka nyufa za urefu, na hizo hazina madhara.

Kazi niipendayo kuliko zote iko hapa. Ulimi unaingia tundu, halafu kigingi kinapita vyote viwili. Lakini tundu la kigingi kwenye ulimi halilingani na la kwenye boriti: unalitoboa makusudi milimita mbili au tatu karibu zaidi na bega la kiungo. Kigingi kimepasuliwa kwa kufuata nyuzi za mti, ni kikavu, kimechongwa ncha. Ukikipiga kinalazimika kujipinda kupita matundu mawili yasiyonyooka, na kujipinda kwake ndiko kunakovuta kiungo mpaka kinafunga. Hakuna gundi, hakuna skrubu. Palipohitaji chuma, kwenye mguu wa nguzo ya kona, tumetumia chuma kisichoshika kutu, kwa sababu ya ile asidi.

Nguzo hazikubadilishwa. Tumekata sehemu iliyooza tu na kuunga mguu mpya kwa kiungo cha kupishana, mrefu, kilichofungwa kwa vigingi vinne. Mti mpya ni wa rangi ya asali, wa zamani ni wa kijivu, na hatukupaka kitu kuficha. Huo ndio mtindo ambao chama cha William Morris cha kulinda majengo ya kale kimeuhubiri tangu 1877: karabati ionekane kuwa ni karabati, usiighushi ikawa kale. Mwenye nyumba alitaka rangi. Amekubali kusubiri miaka michache, jua na mvua vitapaka bure.

MEI

Udongo. Hapa sikuhitaji kufundishwa.

Udongo wa zamani ulioanguka hatukuutupa. Ulilowekwa kwenye turubai siku kadhaa, ukakanyagwa, ukaongezwa majani makavu yaliyokatwa na udongo mpya uliochimbwa bustanini, ukarudi kuwa hai. Mavi ya ng'ombe tumepata kwa jirani, bila malipo, na akatuletea mwenyewe kwa trekta kwa sababu alitaka kuona tutayafanyia nini.

Fito za hapa ni hazeli, mti mdogo unaokatwa chini kila baada ya miaka michache ili utoe machipukizi marefu yaliyonyooka. Kwenye kila pengo kati ya nguzo kuna vijiti vya mwaloni vya wima: juu vimeingia kwenye mashimo, chini vimetelezeshwa kwenye mfereji uliochongwa kwenye boriti. Fito za mlalo zinafungwa humo. Kukandika ni kwa watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, mnapiga matonge kwa wakati mmoja ili udongo ukutane katikati na kushikana.

Shule ya kijiji ilileta watoto. Vijana wa kampuni wanaovaa glavu walikuwa wanapima kila tonge, watoto walikuwa wanarusha tu, na ukuta wa watoto ndio ulioshika vizuri zaidi. Nikawaonesha namna ya kumalizia kwa kiganja, kama bibi yangu alivyomalizia jiko lake. Mwalimu akauliza nilisomea wapi.

JUNI

Chokaa, makoti mawili ya kwanza, kusini na magharibi.

Tunatumia rojo la chokaa lililozimwa na kuhifadhiwa miezi mingi, mchanga mkali wenye chembe za ukubwa mbalimbali, na nywele za mbuzi kwenye koti la kwanza na la pili. Chokaa haikauki tu; inavuta hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe. Ukiiacha ikaukie juani inakuwa unga. Kwa hiyo unaipuliza maji, unaifunika magunia, unaipuliza tena. Chini ya nyuzi 5 za selisiasi haifai kabisa, na baridi ya barafu inaibomoa. Katika nchi hii hiyo ina maana ya kuanza majira ya kuchipua na kuacha mapema vuli.

Hesabu zimefika, na hapa ninung'unike kidogo. Ukijenga nyumba mpya Uingereza, VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni sifuri. Ukikarabati nyumba iliyo katika orodha ya taifa, ambayo sheria inakulazimisha uitunze na inakuchagulia vifaa, unalipa asilimia 20. Mabadiliko yaliyopata kibali yalikuwa na msamaha mpaka Oktoba 2012, ukafutwa. Kwa hiyo serikali inataka nyumba zibaki na inatoza faini kila anayejaribu.

JULAI

Hakuna kazi ya paa. Popo.

Mtaalamu wa wanyama alikuta kinyesi darini tangu mwaka jana na amethibitisha ni popo wa kahawia wenye masikio marefu, majike wanaonyonyesha. Spishi zote za popo wa Uingereza zinalindwa na sheria, pamoja na mahali wanapolala hata wakiwa hawapo. Leseni ya Natural England, shirika la serikali la kulinda mazingira ya asili, inaturuhusu kufungua paa baada ya watoto kuweza kuruka na kabla ya usingizi wa baridi: Septemba na Oktoba. Ratiba nzima ya mradi huu imepangwa na wanyama wenye uzito wa sarafu chache. Sina la kulalamika, wamekaa humo kuliko sisi sote na wanakula wadudu.

Nimetumia muda huu kusafisha jiwe la moto. Kwenye mhimili wa mwaloni ulio juu yake kuna alama za kuungua zenye umbo la tone, zimepangwa karibu karibu. Si ajali. Alama ya namna hii haipatikani mpaka mtu ashikilie mshumaa kwa makusudi, akikwangua makaa na kurudia. Wanahistoria wengi wanaona ni kinga ya nyumba dhidi ya moto au uchawi, na sehemu yake ni hapo hapo, kwenye mdomo ambao lolote linaweza kuingilia. Kwetu mtu angezika fingo. Tumezifunika kwa kitambaa, fundi wa bomba asizisugue.

AGOSTI

Mwezi wa ugomvi. Mabua au matete?

Mwenye nyumba aliomba matete, yale ya mabwawani, kwa hesabu rahisi. Paa la matete lililoezekwa vizuri linaweza kupita miaka 40. La mabua marefu, kwa desturi ya hapa, ni kati ya miaka 15 na 25, na mgongo wa paa lolote kati ya hayo unataka kurudiwa kila baada ya miaka 10 hadi 15. Nani atalipa mara mbili kwa hiari?

Halmashauri ilikataa. Mwanzoni nilidhani ni suala la sura: paa la mabua ni nene, limejimwaga, kingo zake zimeshikwa na fito za hazeli zinazoonekana kwa nje, na kijiji kizima kiko hivyo. Matete yanakaa makali, kingo zimenyooka. Sababu yenye uzito ni nyingine. Matete yanafungwa moja kwa moja kwenye fito za paa, kwa hiyo lazima uezue kila kitu hadi kwenye kombamoyo. Mabua yanaezekwa juu ya mabua. Fundi anaondoa koti la juu lililochakaa, anashona jipya juu ya lililobaki, na la chini haliguswi kwa karne nyingi.

Na la chini lina thamani. Huko Devon kuna nyumba ambazo bado zina mabua yaliyopakwa masizi na moto wa ukumbi wa enzi za kati, na ndani yake masuke, magugu na mbegu za ngano ambazo hazilimwi tena popote. Mwaka 1999 John Letts alichapisha utafiti juu ya mabua hayo. Ni ghala la kilimo lililofichwa na watu wasiojua kwamba wanahifadhi. Paa letu halina masizi: kombamoyo ni nyeusi lakini mabua ya chini kabisa ni safi, kumaanisha mtu aliezua lote baada ya bomba la moshi kujengwa. Hata hivyo ni ya kale, yanalala juu ya tabaka jembamba la matete yaliyotandazwa, na tukiyaondoa hatutayarudisha.

Mwezekaji ana hasira zake pia, na ninamwelewa. Kwa maoni yake maofisa wanapenda mabua kuliko wanavyojua shida ya kuyapata. Ngano ya leo imezalishwa iwe fupi isianguke, inalishwa mbolea ya naitrojeni mpaka bua linakuwa laini, halafu mashine ya kuvuna inalitafuna. Kwa paa unahitaji ngano ndefu. Anayotumia yeye ni Maris Widgeon, mbegu iliyotolewa 1964 na kituo cha utafiti cha Cambridge, ambayo wakulima wa mkate waliiacha zamani na waezekaji wakaiweka hai. Inakatwa ikiwa na ukijani kidogo, kwa mashine ya zamani inayofunga miganda, inasimamishwa shambani mafungu mafungu ikauke, kisha inapurwa kwa mashine ya kale inayoliacha bua zima. Mashine hizo ni nzee kuliko mimi na vipuri vyake havipo dukani. Mvua ikinyesha wiki mbili mwezi huu, nusu ya waezekaji wa Suffolk hawana kazi mwaka ujao. Wakati huo huo matete nayo si ya hapa kama jina la "matete ya Norfolk" linavyodai: mengi yanakuja kwa meli kutoka Uturuki, Hungaria na hata China.

Mimi niko na ofisa, ingawa silipi mimi. Nyumba iliyoharibiwa na kifaa cha kudumu sana, iponywe kwa kuletewa kingine cha kudumu sana? Koti la mabua linachakaa kwa sababu ndilo linalobeba mvua badala ya vilivyo chini yake.

Mwenye nyumba amekubali, kwa uso wa mtu aliyeng'olewa jino. Mavuno yamekuwa makavu.

SEPTEMBA NA OKTOBA

Popo wameondoka kwenye sehemu tunayofungua. Mtaalamu alikagua kwa mkono, jukwaani, kabla ya ganda la kwanza kutoka.

Sikuwahi kuona kuezeka huku kwa karibu, na nilijipa kazi ya mtumishi siku zote nilizoweza. Kwetu kuti linasukwa chini, linapandishwa likiwa tayari na umbo. Huku bua halina umbo, fundi analitafutia. Anamwaga mabua kwenye lundo, analimwagia maji, anaacha yajilaze. Halafu anavuta kwa mikono kutoka chini ya lundo, na kule kuvuta ndiko kunakoyanyoosha, masuke na vitako vikichanganyika, hadi apate tita bapa lenye upana wa karibu sentimita 45. Matita yanaanzia upenuni, yanapanda safu juu ya safu, kila safu ikifunika vifungo vya iliyo chini yake.

Vifungo ni vijiti vya hazeli vilivyopasuliwa, vimechongwa ncha pande zote mbili. Fundi anashika kati, anapinda na kusokota kwa pamoja. Ukipinda bila kusokota, kinavunjika. Ukisokota, nyuzi zinateleza na kijiti kinakuwa kipini chenye miguu miwili. Unakisukuma kwa kiganja kikielekea juu kidogo, ili maji yasikifuate ndani. Maelfu ya hivyo. Viganja vya mwezekaji vina ngozi ambayo nimeiona kwa wavuta nyavu tu.

Paa halina mfereji wa maji. Upenu umetokeza mbali na ukuta na mvua inadondoka moja kwa moja chini, na hapo ndipo nilipoelewa nusu ya pili ya habari ya Machi. Mtu alimwaga zege la njia ya miguu kuzunguka nyumba, matone yakawa yanagonga na kurukia ukutani, kwenye boriti ya chini ile ile. Zege limetoka. Tumechimba mtaro mwembamba, tumejaza kokoto.

Mgongo wa paa umefungwa kwa tabaka la ziada lililokatwa wima chini, bila maua wala mawimbi. Baadhi ya wateja wanataka mapambo, na wengine wanataka ndege wa mabua juu. Mwenye nyumba aliomba bweha. Mwezekaji alisema bweha ni wa nyumba za wageni wa wikendi, akamtengenezea ndege, na bei ilikuwa ile ile. Wavu wa chuma umefunika lote kuzuia ndege kuvuta mabua, na umefungwa kwa namna ya kuweza kung'olewa haraka kama kuna moto.

NOVEMBA

Moto ndio uliobaki mezani. Mwenye nyumba anataka jiko la kuni la chuma. Kampuni ya bima imejibu kwa kurasa nyingi. Paa la mabua yaliyobanwa haliwaki kwa cheche ya kwanza, lakini likishaanza kufukuta ndani kulizima ni shida, na mioto mingi ya nyumba hizi inaanzia kwenye bomba la moshi. Majiko ya chuma yana joto kali kuliko moto wa wazi wa zamani, na unene wa mabua umekuwa ukiongezeka kuzunguka bomba lile lile. Ushauri wa kawaida ni mdomo wa bomba usimame mita 1.8 juu ya mgongo wa paa. Letu limepungua karibu nusu mita baada ya koti jipya. Kulirefusha kunahitaji kibali kingine. Kwa sasa hakuna jiko, bomba limefungwa kwa kifuniko chenye tundu la hewa.

Kusini, magharibi na mashariki zimepata makoti matatu ya chokaa na mikono mitano ya chokaa nyepesi yenye rangi ya waridi iliyofifia, rangi ya udongo wenye chuma, kama nyumba nyingi za hapa. Kaskazini imepata koti la kwanza tu. Usiku umeshashuka nyuzi 2, tumeacha, tumetundika magunia mawili mawili na turubai mbele yake kwa nafasi ya hewa. Kipimo cha unyevu cha nguzo ya kona, ambacho Machi kilisoma 31, leo kimesoma 19. Bado juu, lakini kinashuka.

Ofisa anakuja Alhamisi kuangalia mgongo wa paa na miguu ya nguzo. Akitia sahihi, jukwaa linashuka wiki ijayo. Madirisha mawili ya ghorofani yako karakanani kwangu yakisubiri mbao. Koti la pili la kaskazini ni Aprili, barafu ikishaacha kuonekana asubuhi.